Fundi Anajibu: Dari za Vipele, Kazi za Ushkaji na Jiko la Mkaa

Jumbe za mwezi huu ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nifanyeje nipige plasta mpya juu ya dari ya zamani bila kusumbuka na kilicho chini yake? Nimechagua nane. Wale wa mchanganyiko wa plasta ya ukuta, nimeshajibu mara tatu mwaka huu. Rudini mkasome.

Fundi shikamoo. Nyumba ya marehemu baba ipo Uyole. Dari ya sebule ni zege, imepigwa rafu yenye vipele tangu miaka ya sabini. Nataka iwe laini. Ni lazima kubangua, au fundi anapiga tu juu kwa juu?

Marahaba. Hayo maneno "juu kwa juu" ndiyo yanayonikosesha usingizi. Dari si ukuta. Plasta ya ukuta ikiachia, unaiona imetuna wiki kadhaa kabla haijadondoka. Ya dari inashuka nzima, na inashuka ulipokaa. Plasta ya saruji yenye unene wa sentimita moja ina uzito wa kilo 20 hivi kwa kila mita ya mraba. Sebule ya mita nne kwa nne ni kilo 320 zinazoning'inia juu ya makochi, na kinachozishika ni ule uso wa zamani tu. Tena sisi wa Mbeya tumekaa kwenye Bonde la Ufa, ardhi yetu hutikisika.

Kwa hiyo anza kwa kuiuliza dari yenyewe. Panda ngazi, shika nyundo, gonga kwa mpini wake kila baada ya futi moja. Panapolia kama debe tupu pameachia: bangua hapo mpaka ulifikie zege. Panapotoa mlio mkavu na mzito pameshika. Halafu lowesha kidole usugue. Kikirudi na unga mweupe, hiyo ni chokaa, na nyumba nyingi za umri huo zilipakwa chokaa juu ya chokaa. Hakuna plasta inayoshika juu ya chokaa. Lowesha, kwangua, piga brashi ya waya, osha, rudia mpaka kidole kirudi kisafi. Kama ni rangi ya mafuta, itie makovu kwa tindo, karibu karibu, dari nzima. Usikwangue kavu, na vaa barakoa nzuri. Vumbi la mchanga linaua mapafu ya mafundi polepole.

Baada ya hapo, vipele vilivyoshika vizuri si adui yako. Vunja ncha zake. Kama vilivyobaki ni vifupi, achana kabisa na plasta ya saruji: jaza kwa puti ya saruji nyeupe, mkono wa kwanza na wa pili, imetosha na ni nyepesi. Kama ni virefu, lowesha dari, rusha tope jembamba la saruji na mchanga mkali, limwagilie siku mbili, ndipo upige plasta isiyozidi sentimita moja. Fundi akikwambia ataweka sentimita tatu ili "kunyoosha", mwambie ashuke. Dari iliyopinda sana hunyooshwa kwa kufunga mbao na bodi mpya chini yake.

Dari moja inakula mifuko mingapi ya saruji? – Mafinga

Dari ya ukubwa gani, unene gani? Swali hili linanifikia kila wiki bila kipimo hata kimoja. Chukua futi, pima urefu na upana, zidisha. Kwa mita 16 za mraba, sentimita moja, saruji moja kwa mchanga nne, pamoja na tope la kurusha na kinachodondoka chini, nunua mifuko miwili ya kilo 50. Ya kwako ilinganishe na hiyo.

Kamwene fundi. Mimi ni fundi kijana hapa Iringa. Rafiki yangu tuliyekua naye Kihesa amenunua nyumba ya zamani, anataka nimpigie dari tatu. Nikimuuliza hela anasema "sisi ni ndugu, tutaongea". Nimtoze kiasi gani?

Kamwene, mdogo wangu. Piga hesabu ya bei unayomtoza mtu usiyemjua, iandike yote. Kisha, kama unapenda, mpunguzie, na yeye aone umepunguza nini. Usianze na bei ya ushkaji. Ukianza nayo, utaanza kupunguza kazi bila kumwambia, na utapunguza pale asipopaona.

Nayajua haya kwa sababu nimeyafanya. Mwaka wangu wa tano kwenye kazi, rafiki yangu wa utotoni aliniita Tukuyu nimpigie dari ya sebule. Tulipatana kwa kupeana mikono: chakula na nauli. Dari ilikuwa na chokaa ya miaka mingi. Kuikwangua ilikuwa kazi ya siku mbili na saidia fundi wawili, na kwa mteja wa kulipa ningezidai hizo siku bila kupepesa macho. Kwake niliona aibu kuomba. Yeye naye aliona aibu kuniuliza mbona sikwangui. Nikapiga juu kwa juu.

Masika ilipokolea, kipande cha ukubwa wa meza kilishuka saa tisa usiku juu ya kochi. Mdogo wake alikuwa amelala pale jioni ile, akahamia chumbani kwa sababu ya baridi. Nilikwenda asubuhi, nikakigeuza. Mgongo wake ulikuwa mweupe pe, laini kama sahani, chokaa yote imeng'oka nao. Mistari ya brashi ya yule aliyepaka chokaa miaka hiyo ilikuwa imejichora kwenye saruji yangu, nikaweza kuihesabu kwa kidole. Rafiki yangu hakunidai kitu. Akanitengea chai, tukanywa kimya, na hatukuzungumza tena miaka sita.

Kwa hiyo, kabla hujapanda ngazi ya rafiki yako, mtumie ujumbe kwenye simu, abaki nao na wewe ubaki nao. Vifaa ananunua yeye, dukani, kwa orodha yako. Saidia fundi analipwa kila jioni taslimu kutoka mfukoni mwa mwenye nyumba. Huyo kijana hakukua Kihesa na nyinyi, na ana watoto wake wa kulisha. Kukwangua na kubangua ni siku ngapi. Kupiga ni siku ngapi. Ufundi wako ni shilingi ngapi. Ukitaka kumpa bure, andika bei yako kamili na mbele yake andika "zawadi yangu kwako". Hapo anajua amepewa nini, na wewe huna sababu ya kukimbia ili uwahi kazi ya kulipa.

Ataniambia mtu kwamba wazee wetu walifanya kazi za kusaidiana bila makaratasi. Ni kweli, lakini mkumbuke zilivyokwenda. Mtu alipoita majirani kulima, ulanzi na chakula vilikuwa tayari kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo, na kila aliyekuja alijua kesho kutwa zamu ni ya nani. Hakuna aliyeambiwa "tutaongea". Neno hilo ni letu sisi, na limevunja urafiki mwingi kuliko deni lolote ninalolijua.

Ni plasta gani inaficha madoa ya maji kwenye dari? – Tukuyu

Hakuna. Ziba paa, subiri dari ikauke, ndipo uniandikie tena.

Mwanangu anafanya ujenzi Uingereza. Anasema huko dari za zamani zenye vipele haziguswi ovyo kwa ajili ya asbesto. Mimi nipo Forest, hapa Mbeya, dari ya nyumba yetu ya zamani ni vibao vigumu vya kijivu. Nataka nikwangue rangi nipige skimu, ule mkono mwembamba wa kulainisha. Ananitisha bure?

Shikamoo mama. Hakutishi bure, msikilize. Huko kwao, ile plasta nyembamba ya kupambia dari wanayoiita Artex ilichanganywa na asbesto nyeupe, madini ya nyuzi nyuzi, mpaka katikati ya miaka ya 1980, na asbesto hiyo ikapigwa marufuku kabisa mwaka 1999. Ndiyo maana fundi wa huko anapeleka kipande maabara kabla ya kukwangua. Marekani nao walikataza dari za kupuliza zenye asbesto mwaka 1978.

Huku kwetu rafu nyingi za dari ni mchanga na saruji, kwa hiyo sizihofii kama ninavyohofia vibao kama vyako. Saruji iliyochanganywa na asbesto ilitengenezewa mabati ya mawimbi na vibao bapa, na majengo mengi ya zamani bado yanavyo. Ni vya kijivu, vigumu, vikigongwa vinalia kama sahani na vikivunjika vinakatika kama biskuti. Lakini kwa macho huwezi kuwa na hakika, wala mimi siwezi, wala fundi yeyote hawezi. Kwa hiyo vichukulie kuwa ndivyo.

Usipige msasa. Usikwangue. Usitoboe hata kwa ajili ya taa. Usifagie vumbi lake kavu. Nyuzi zake hazionekani, zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa wake, ikiwemo saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati aliyevunja ameshasahau. Kama vibao ni vizima, vipake rangi vilivyo, bila kuvisugua, uviache. Skimu haitashika hapo bila kukwangua, kwa hiyo wazo la skimu lifute. Kama vimepasuka au unataka kuving'oa, anzia kwa afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri, upate maelekezo ya OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) na NEMC (baraza la mazingira) ya namna ya kuving'oa na mahali pa kuvizika.

Na nyinyi mafundi wenzangu mnaokubali kushusha vibao hivi kwa nyundo, kitambaa mdomoni, halafu vipande mnavigawa mitaani vikazibie mabanda ya kuku: acheni. Nguo hizo hizo mnarudi nazo nyumbani, na watoto wanazikumbatia.

Dari yangu ni hadibodi, imebonyea. Naweza kupiga jipsamu juu yake? – Njombe

Hapana. Hadibodi inanyonya unyevu na kuvimba, ikikauka inajirudi, na skimu itapasuka kwenye kila kiungo. Ing'oe, nyoosha mbao, funga jipsamu bodi. Hakikisha mbao zimekauka. Mko jirani na misitu ya paini, na mbao nyingi zinapakiwa bado mbichi. Zikikaukia darini zinapinda na bodi zinapinda nazo. La nyongeza, kwa kuwa najua swali linalofuata: usipige plasta ya saruji juu ya jipsamu. Penye unyevu hivi viwili vinagombana, salfeti ya jipsamu inaifanya saruji ivimbe na kuachia.

Tumepiga plasta dari mwezi Juni hapa Makambako, haikauki. Fundi amewasha majiko mawili ya mkaa chumbani na kufunga madirisha ili ikauke haraka. Mlinzi analala humo. Ni sawa?

Mwamshe mlinzi na uyatoe majiko sasa hivi, haya mengine utasoma baadaye. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki. Kila msimu wa baridi huku kwetu tunazika watu waliolala na jiko, na bado tunafanya hivyo. Na zingatia hili: dari ya zamani ilikuwa na nyufa na mianya, hewa ikapita. Ulipopiga plasta umeziba yote. Chumba ambacho bibi alikaa na jiko miaka 30 bila kudhurika, sasa si chumba kile.

Plasta nayo haitaki moto. Siku saba za kwanza inataka maji, kwa sababu saruji inakomaa kwa maji. Ukiikausha kwa nguvu inapasuka na kubaki unga. Kwenye baridi inachelewa kukomaa, ndivyo ilivyo. Baada ya hizo siku fungua madirisha mchana, acha upepo ufanye kazi, na rangi isubiri wiki nne.

Rafiki yangu ni fundi. Alinipigia dari bure hapa Mbalizi, nami nilimshukuru sana. Sasa ina nyufa, upande mmoja umetuna kidogo juu ya kitanda cha mtoto. Naona aibu kumwambia, atadhani sina shukrani. Nifanyeje?

Nyufa nyembamba kama unywele, dari ikiwa imeshika, ni za kukauka tu. Zinazibwa kwa puti siku ya rangi. Kutuna ni jambo jingine. Hapo pameshaachia, pamebebwa na kingo tu, na hakuna anayejua ni usiku gani kingo zitachoka.

Mpigie rafiki yako leo. Usimwambie "kazi yako mbaya". Mwambie, "Kaka, dari imetuna juu ya kitanda cha mtoto, naomba uje tuigonge pamoja." Fundi wa kweli atakuja na nyundo kabla ya jua kuzama. Akija, mpe saruji ya kurudia na umlipe saidia fundi wake, na safari hii muulize mbele ya dari: ulikwangua? Ningeulizwa hivyo Tukuyu, ningesema ukweli, tukakwangua sote wawili.

Kitanda kihamishe kwanza, kabla hujashika simu.