Kitabu Kimoja cha Mwanasoka Hakitoshi

Usiku wa Mei 25, 2005 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja pale Mwanga, Kigoma, nimebanana na wenzangu kwenye benchi la mbao, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta wa mabati. Zilikuwa siku za mwezi mkubwa, mitumbwi ya dagaa imevutwa nchi kavu na wavuvi wote wako mjini, kwa hiyo hapakuwa na pa kuweka mguu. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool na Milan ya Italia, ilikuwa Istanbul. Saa za kule zililingana na zetu, mpira ukaanza saa 3:45 usiku. Mimi ni Liverpool tangu utotoni. Dakika ya kwanza tu Paolo Maldini akatufunga. Kabla ya mapumziko Hernán Crespo akaongeza mawili. Nikanyanyuka, nikaruka miguu ya watu hadi mlangoni, nikaenda kulala.

Asubuhi nilipofika mwalo wa Kibirizi, wavuvi wameketi wanashona nyavu na kila mmoja ana nafasi ya kunisimulia. Liverpool walirudisha yote matatu ndani ya dakika sita za kipindi cha pili, wakavuka dakika 120, wakabeba kombe kwa penalti. Niliambiwa na watu kumi, na kila mtu alikuwa na lake. Nilisikiliza wote huku roho inaniuma, na iliendelea kuniuma miaka mingi.

Hapo ndipo nilipoanzia kusoma vitabu ambavyo wanasoka na makocha wanasimulia maisha yao. Nilikuwa natafuta kile kipindi cha pili nilichokikimbia. Binamu yangu anayeishi Dar es Salaam aliniletea kitabu cha Jamie Carragher, beki wa Liverpool usiku ule, kile cha mwaka 2008, alichokiokota kwa wauza vitabu vya mitumba. Kilikuja kwa treni, kimefungwa ndani ya kanga pamoja na dawa za mama. Nilikisoma usiku kwa usiku katika siku za mbalamwezi, maana ndizo siku ambazo sisi wa biashara ya dagaa tunapumzika. Humo nikamkuta Carragher mwenyewe, misuli imembana, hawezi hata kukimbia sawasawa, anamwendea kipa wake Jerzy Dudek kabla ya penalti na kumsihi afanye kama kipa wa zamani wa Liverpool, Bruce Grobbelaar, alivyofanya Roma mwaka 1984, alipolegeza miguu kwenye mstari mpaka Waitaliano wakapoteza utulivu. Dudek akafanya. Serginho akapaisha juu, Andrea Pirlo akadakwa, na Andriy Shevchenko aliyepiga ya mwisho naye akadakwa.

Nilifunga kitabu nikiwa na furaha ya mtu aliyelipwa deni lake.

Miaka michache baadaye nikapata kitabu cha Pirlo. Nacho kina Istanbul. Ila safari hii niko upande wa pili wa uwanja, nimevaa jezi nyeupe ya Milan, natembea kutoka katikati kwenda kupiga penalti, na yule kipa anayerukaruka kwenye mstari siyo shujaa wangu tena. Pirlo anaeleza kwamba baada ya usiku ule alifikiria kuacha mpira kabisa, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa na maana tena. Halikuwa jambo la wiki moja. Liliingia ndani, likakaa. Mimi niliyeshangilia penalti yake ilipodakwa, tena kwenye karatasi, nilijikuta namwonea huruma. Na nilipofika kwenye fainali ya Athens ya mwaka 2007, Milan ilipolipiza kwa 2-1 kwa mabao mawili ya Filippo Inzaghi, sikuchukia kama nilivyochukia wakati ule.

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu ambao ndio ushauri wangu kwako, ndugu yangu unayetaka kuanza: usisome kitabu kimoja, soma viwili vinavyokutana mahali. Wazee wetu walishasema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mtu anayesimulia maisha yake anawamba ngoma. Siyo lazima awe mwongo, bali mikono yake iko upande mmoja wa ngozi. Ukitaka kuona ngoma nzima, tafuta aliyeshika upande wa pili.

Chukua kile kiatu cha Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Februari 2003 Manchester United walifungwa 2-0 na Arsenal kwenye Kombe la FA, na katika chumba cha kubadilishia nguo kocha wao Alex Ferguson akapiga teke kiatu kilichokuwa sakafuni, kikampiga David Beckham juu ya jicho. Kila mmoja amelieleza kwenye kitabu chake, Beckham mwaka huohuo wa 2003 na Ferguson mwaka 2013. Tukio ni lilelile. Hata ile sehemu ya wachezaji kuwaingilia kati wasishikane wanakubaliana. Lakini ukimsoma Beckham unasikia kijana aliyemwona kocha kama baba wa pili na sasa anatokwa damu mbele ya wenzake. Ukimsoma Ferguson unasikia kocha anayezungumzia winga asiyerudi kukaba, na mamlaka ambayo yakipotea leo hayarudi kesho. Nimefundisha watoto mpira wa mchangani hapa Ujiji kwa miaka, na nakiri kwamba kabla ya kusoma vitabu vyote viwili ningesimama na kocha bila kufikiri. Sasa nikimgombeza mtoto mbele ya wenzake, namwangalia usoni kwanza.

Jozi nyingine ninayoipenda ni Ferguson na Roy Keane. Nahodha huyu aliondoka United Novemba 2005 baada ya miaka kumi na miwili. Ferguson katika kitabu chake cha 2013 akaandika kwamba kiungo kigumu kuliko vyote mwilini mwa Keane ni ulimi. Mwaka uliofuata Keane naye akatoa cha kwake, akajibu. Visome kwa kufuatana na utaona jinsi watu wawili walioshinda pamoja kila kitu wanavyoweza kuachana bila hata mmoja kujiona ana kosa. Mimi sijaamua bado nani ana haki. Kuna siku naamka upande wa huyu, siku nyingine upande wa yule.

Jambo lingine ambalo wasomaji wengi hawaambiwi: mara nyingi anayesimulia siye anayeandika. Mchezaji anaongea, mwandishi anarekodi, kisha anakaa kulisuka. Kitabu cha pili cha Keane kiliandikwa na Roddy Doyle, mtunzi wa riwaya wa Ireland, na utamu wake unaonekana. Cha kwanza, cha mwaka 2002, kiliandikwa na Eamon Dunphy, na hicho kilimtia Keane matatizoni. Humo alieleza ile rafu yake mbaya kwa Alf-Inge Haaland ya mwaka 2001, baba yake huyu Erling mnayemjua, kwa namna iliyoonyesha kwamba alikuwa akimsubiri kwa miaka. Chama cha Soka cha England kikamfungia mechi 5 na kumtoza faini ya pauni 150,000. Mbele ya tume Dunphy akasema maneno yale yalikuwa yake yeye mwandishi. Kwa hiyo ukikutana na sentensi kali mno, iliyonyooka kama shairi, jiulize imetoka kinywa cha nani. Usiitupe. Jiulize tu.

Na vile vinavyoandikwa mchezaji akiwa bado na miaka ishirini, ninakushauri uvipite. Nyama haijaiva.

Kuhusu lugha. Vijana wengi huniambia, "Kocha, Kiingereza kinanishinda." Najua, na mimi kilinishinda. Nilianza na kamusi mkononi, natafuta kila neno, na kwa wiki nzima nilimaliza kurasa nne na hamu ikaisha. Kilichonisaidia ni kuanza na sura ya mechi ninayoijua. Ukijua kwamba Crespo alifunga mawili na Steven Gerrard akaanza kurudisha kwa kichwa, basi maneno mengi yanajifungua yenyewe, unakuwa kama mtu anayepita njia ya shambani kwake usiku. Neno lililojirudia mara tatu ndilo nililitafuta kwenye kamusi, mengine niliyaacha. Anza pia na kitabu chembamba. Cha Pirlo ni chembamba na sura zake ni fupi. Cha Ferguson cha mwaka 1999 ni tofali, kiache mpaka upate pumzi.

Lakini ukipata pumzi, cha 1999 ndicho ninachokiona bora kwa sisi huku, na sababu siyo makombe. Wengi hufungua moja kwa moja kwenye ile fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyochezwa Barcelona mwaka huo, mabao mawili ya dakika za nyongeza, kisha wanafunga. Rudi mwanzo. Yuko Govan, mtaa wa mafundi wa meli pale Glasgow, kijana anayejifunza ufundi kiwandani na kuongoza mgomo. Yuko East Stirlingshire mwaka 1974, ana miaka 32, kocha wa nusu siku, na timu haina hata golikipa mmoja. Yuko St Mirren, na mwaka 1978 anafukuzwa kazi. Ni kocha huyohuyo ambaye miaka mitano baadaye aliifunga Real Madrid 2-1 na Aberdeen yake na kubeba Kombe la Washindi la Ulaya.

Ukurasa ule wa timu isiyo na golikipa niliusoma kwa sauti jioni moja pale ufukweni Katonga, vijana wangu wamekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu inaning'inia. Wiki hiyo kipa wetu alikuwa ameondoka na baba yake kwenda kambi ya uvuvi, na mechi ilikuwa Jumapili. Nasoma Kiingereza mstari mmoja, nasimama, nageuza kwa Kiswahili, naendelea. Nilipofika pale, beki wangu wa kushoto, mtoto mkimya kuliko wote, akashuka kwenye mtumbwi akasema yeye atakaa golini. Tulifungwa. Lakini amekuwa kipa wetu mpaka leo. Na siku nyingine nilipowasomea habari za Didier Drogba, aliyepandishwa ndege Abidjan akiwa na miaka 5 tu kwenda kulelewa na mjomba wake mchezaji kule Ufaransa, watoto wawili waliangalia chini muda wote. Wanalelewa na wajomba. Sikusema kitu, nikageuza ukurasa.

Kwa hiyo kama una timu, au hata wadogo zako watano nyumbani, wasomee. Nakala moja ya kitabu inatosha mtaa mzima.

Na ukishazoea kusoma kwa jozi, masikio yako yatabadilika hata mitaani. Julai 25, 2021 fainali ya Simba na Yanga ililetwa kwetu, uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba wakashinda kwa bao la Taddeo Lwanga. Kesho yake pale sokoni Mwanga nilisikia mechi mbili. Mwanasimba anakuelezea bao. Mwanayanga anaanza na kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe na haondoki hapo. Zamani ningebishana. Siku hiyo nilivuta kigoda nikasikiliza.

Ndipo nikaingiwa na wazo kuhusu mjomba wangu. Alikuwa kipa wa timu ya wafanyakazi wa reli miaka ya sabini, na utoto wangu wote nimelishwa hadithi ya bao moja alilofungwa, ambalo kwa maelezo yake halikuvuka mstari. Aliyefunga bado yuko hai, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwake hapo Ujiji. Hakuna aliyewahi kuwaandika. Tunajua habari za Govan na Istanbul, na hawa wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja na hadithi zao. Nikanunua daftari kubwa la kaunta, kurasa za kushoto za mjomba, za kulia za mwenzake. Nilienda kwa kila mmoja peke yake kwanza, nawe ukitaka kufanya hivyo nakuomba uanze hivyohivyo, maana wakiwa pamoja mwenye sauti kubwa humeza mwenzake. Uliza vitu vidogo: walivaa nini miguuni, nani alibeba maji, walirudi nyumbani kwa njia gani. Bao litakuja lenyewe.

Kisha nikawakutanisha. Mkeka barazani, kahawa, kashata kwenye sahani. Magoli ya wakati ule hayakuwa na nyavu, na hapo ndipo ubishi wote ulipo: mpira ulipita ukaenda kugonga mwembe, na mmoja anasema ulipita ndani ya nguzo, mwingine nje. Mjomba akachukua kikombe chake akakiweka chini: nguzo ilikuwa hapa. Mzee mwenzake akakisogeza kidogo, upana wa vidole viwili. Mjomba akakirudisha. Wakaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa, na nikaandika yote.

Siku hizi macho ya mjomba hayaoni vizuri. Nikienda kumjulia hali huniambia nichukue lile daftari nimsomee, na hataki kurasa zake. Anataka zile za kulia.