Samaki Wanavyofuatwa kwa Sauti

SWALI: Shangazi, nauza samaki Gikomba. Mteja ameniambia wataalamu hupima mwendo wa kundi la samaki kwa sauti. Wanawezaje, na hawawaoni?

JIBU: Wanaweza, mwanangu, na mimi hili hunifurahisha mno. Chombo kilichofungwa chini ya mashua hutoa mlio mfupi, kisha husikiliza mwangwi. Majini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa samaki aliye mita 30 chini hurudi baada ya sekunde 0.04. Kinachourudisha hasa ni kile kifuko cha hewa, bondo. Wewe unayepasua sangara kila siku unakijua: cheupe, kigumu, kimetuna.

Mwendo je? Kumbuka king'ora cha ambulensi Barabara ya Jogoo: kikija ni chembamba, kikishakupita kinakuwa kizito. Mwangwi wa kundi nao hubadilika hivyo hivyo, na mabadiliko hayo ndiyo hupimwa.

Mwaka 1942, karibu na San Diego, Marekani, chombo cha aina hii kilionyesha kitu kama sakafu ya bahari mahali penye kina kirefu. Kumbe ni viumbe hai, wengi ajabu! Usiku walipanda, kukicha wakashuka.