Hiyo ramani si ya Plunger aliyozama nayo Roosevelt

Mkuu, usikate mbao nyingine. Umeandika kwamba unamchongea mwanao mfano wa nyambizi ya Marekani iitwayo Plunger kwa kipimo cha moja kwa ishirini, kwamba gogo la mninga la mita 1.3 liko tayari, kwamba bomba la moshi umeshalimaliza, na kwamba kibao kitasema Rais Theodore Roosevelt alizama nayo mwaka 1905 na Chester Nimitz, aliyekuja kuwa amirali mashuhuri, akaiongoza mwaka 1909. Umeuliza rangi, umeuliza gundi, umeuliza na historia fupi ya utumishi wake. Niliposoma hiyo mita 1.3 pamoja na bomba la moshi, nilijua kwamba umeuziwa ramani ileile niliyouziwa mimi.

Hizo ni nyambizi mbili. Ya kwanza iliagizwa mwaka 1895 kutoka kampuni ya John Holland, mbunifu wa nyambizi, ikajengwa Baltimore, na ikashushwa majini Agosti 1897. Ilikuwa na urefu wa futi 85, yaani karibu mita 26, na ndiyo maana gogo lako limefika mita 1.3. Jeshi la wanamaji lilishikilia kwamba lazima iende kwa mvuke inapokuwa juu ya maji, tena iwe na pangaboi za kuivuta chini mbali na zile za kuisukuma mbele. Holland hakuuamini mpango huo, na majaribio yalimpa haki: joto la chumba cha tanuri lilipita nyuzi 50 za Selsiasi, na hakuna baharia ambaye angeweza kufanya kazi humo. Nyambizi hiyo haikupokewa kazini hata siku moja. Holland aliendelea na chombo chake kingine kidogo, kilichojengwa kwa fedha za kampuni, ambacho serikali ilikinunua tarehe 11 Aprili 1900 kwa dola 150,000 na kukipa jina lake, Holland. Mkataba wa ile ya mvuke ulifutwa mwaka huohuo, kampuni ikarudisha fedha za serikali, na jina la Plunger likahamishiwa kwenye chombo kipya kabisa.

Mimi nilichonga hiyo ya mvuke, bomba la moshi na yote, nikaweka kibao chenye jina la Roosevelt, kisha nikaizawadia shule ya msingi iliyo jirani nasi. Mninga haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mwalimu aliyeupokea mfano huo kwa moyo mweupe aliyanakili maneno ya kibao ubaoni, na watoto wakayaandika madaftarini mwao, kwamba rais wa Marekani alizama baharini ndani ya chombo chenye tanuri la mvuke ambacho kwa kweli hakikuwahi kukabidhiwa kwa jeshi lolote. Kibao unaweza kukibandua kwa bisibisi, lakini madaftari ya darasa zima huwezi kuyakusanya tena, kwa sababu mengine yameshakwenda nyumbani, na mzazi akiyasoma ataamini kwamba mwalimu amethibitisha. Nilirudi shuleni, nikaomba kipindi, nikaeleza upya mbele ya watoto, na hata hivyo mmoja wao alinionyesha kwamba bomba la moshi lipo pale pale kwenye mfano, kwa hiyo maelezo yangu mapya ndiyo yaliyo na kasoro. Mtoto alikuwa na hoja. Chombo cha mbao kinachoshikika kina nguvu kuliko maneno ya mtu mzima, na ndiyo sababu nakusihi usikimalize.

Na huyo muuzaji wa michoro! Aliweka mchoro wa mwaka 1895, akaweka kando yake picha ya Roosevelt, akaongeza jina la Nimitz ili bei ipande, na nilipomwandikia kumwonyesha tarehe zinavyogongana, alinijibu kwamba jina ni moja, basi nyambizi ni moja. Kwa hesabu yake, akina Juma wote wa Kariakoo wamezaliwa na mama mmoja. Alikuwa na tarehe zote mbele yake. Mtu anayeuza ramani kwa wachonga mifano anajua kwamba wanunuzi wake watazifuata kwa milimita, na kwa hiyo ana wajibu mkubwa kuliko mpiga soga wa kijiweni.

Kanuni yangu ni hii, na ningependa uiandike juu ya meza yako ya kazi: fuata chombo, usifuate jina. Anza na siku kilipoanza kujengwa, mahali kilipojengwa na urefu wake, kisha jina lije baadaye.

Chombo unachokitaka kilianza kujengwa tarehe 21 Mei 1901 huko Elizabethport, New Jersey, kikashushwa majini tarehe 1 Februari 1902, na kikapokewa kazini tarehe 19 Septemba 1903 huko New Suffolk, chini ya Luteni Charles P. Nelson. Urefu wake ulikuwa futi 63 na inchi 10. Kiliendeshwa kwa injini ya petroli juu ya maji na kwa umeme wa betri kikizama, kikawa na bomba moja la kurushia torpido, yaani kombora la chini ya maji, na mabaharia saba tu. Kazi yake kubwa ilikuwa majaribio ya torpido huko Newport. Tarehe 25 Agosti 1905, karibu na nyumbani kwake Oyster Bay, Roosevelt aliingia humo, akazama, akashika mwenyewe vyombo vya kukiongozea, na baadaye akaagiza mabaharia wa nyambizi waliofuzu waongezewe dola 10 kwa mwezi, kwani hadi wakati huo utumishi wao ulihesabiwa kama kazi ya nchi kavu. Agizo hilo kwangu ndilo tukio kubwa kuliko yote katika maisha ya chombo hiki.

Nimitz alikabidhiwa chombo tarehe 3 Mei 1909, akiwa luteni usu kijana ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepandisha manowari Decatur kwenye fungu la matope huko Ufilipino na kupewa karipio na mahakama ya kijeshi. Tarehe 17 Novemba 1911 majina ya zamani yalifutwa, nyambizi zikapewa herufi na namba, na Plunger ikawa A-1. Hapa pana mtego mwingine: nyambizi dada zake, A-2 hadi A-7, zilipelekwa Ufilipino, na A-7 ikalipukiwa na mvuke wa petroli katika Ghuba ya Manila mwezi Julai 1917. Usiibebeshe A-1 mambo hayo. Yenyewe ilifutwa kwenye orodha ya vyombo vya jeshi la wanamaji tarehe 24 Februari 1913, ikageuzwa shabaha ya majaribio mwaka 1916, na ikauzwa tarehe 26 Januari 1922. Usiandike SS-2 ubavuni pia, kwa maana mfumo huo wa namba ulianza Julai 1920, miaka saba baada ya kufutwa kwake.

Kwa kipimo chako, mfano wa kweli una urefu wa sentimita 97, pangaboi moja nyuma na tundu moja la torpido mbele, na hauna bomba lolote la moshi. Maneno ya kibao yaweke hapa kabla hujayachonga, kila tukio na tarehe yake, nami nitayapitia mstari kwa mstari.