Kujitolea kwenye mbio za theluji porini: majibu kwa aliyeuliza kazi zenyewe ni zipi

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyekulia kwenye joto la kwetu anaweza kujitolea kuandaa mbio ndefu za kwenye theluji, na akifika huko atapewa kazi gani. Anaweza kabisa. Ninaishi Minnesota, Marekani, na haya nimeyaona kwenye Arrowhead 135, mbio za mwisho wa Januari. Ni maili 135, yaani kama kilomita 217, kutoka International Falls mpakani na Kanada hadi karibu na Tower, kando ya ziwa Vermilion. Kuna wanaoendesha baiskeli za matairi manene, kuna wa skii, zile mbao ndefu za kuteleza zinazofungwa miguuni, na kuna waendao kwa miguu wakivuta sledi, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, iliyofungwa kiunoni. Wanapewa saa 60. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu kule, na ikija na upepo ni habari nyingine.

Watu wengi hudhani mtu wa kujitolea anakwenda kushangilia na kugawa chai. Hiyo ipo, lakini kazi yenyewe ni kujua kila mshiriki yuko wapi. Namba yake, saa aliyoingia kituoni, saa aliyotoka, na kama amejitoa, ameondoka na nani. Mtu akijitoa kimyakimya akapanda gari la rafiki yake, vijana wa pikipiki za theluji watarudi msituni usiku kumtafuta mtu ambaye yuko hotelini amelala, na wao ndio watakaohatarisha maisha. Kwa hiyo usione haya kumfuata mtu hadi mlangoni ukamuuliza namba yake mara ya pili. Na andika kwa penseli, maana wino wa kalamu unaganda.

Siku ya kuamkia mbio kuna ukaguzi wa vifaa, na hapo ndipo ningekushauri uanzie. Kila mmoja lazima awe na mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi 29 chini ya sifuri, godoro la kujikinga na baridi ya ardhini, jiko dogo na mafuta yake, taa ya kichwani, taa nyekundu za kumulika, filimbi, na chakula cha akiba. Gusa kila kitu kwa mkono wako. Jiko la mtungi wa gesi ya kawaida linaweza kugoma kwenye baridi ile, ndiyo maana wazoefu hubeba la mafuta ya kimiminika. Atakuja mtu akwambie ameshamaliza mbio kama hizi miaka na miaka, hana haja ya kukaguliwa. Mkague huyohuyo.

Kituo ninachokipenda ni MelGeorge, katikati ya njia, nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Mtu anaingia ndevu zimeganda barafu, nguo zimelowa jasho, na jasho ndilo adui mkubwa kuliko hata theluji. Ukimuuliza hali atakujibu "niko sawa." Usishughulike na hilo jibu. Mwangalie akifungua zipu ya koti. Vidole vikikataa, maneno yakivutika, au akawa mkali bila sababu, joto la mwili wake limeshaanza kushuka. Na aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla huku bado amepoa na amezubaa, hiyo ni hatari, muite daktari papo hapo.

Sisi watu weusi kuna jambo kuhusu ngozi kuganda kwa baridi (frostbite) ambalo vitabu vingi havilisemi vizuri. Wanafundisha kutafuta madoa meupe puani na mashavuni. Kwenye ngozi yetu doa linaweza kuonekana la kijivu au limepauka tu, hivyo gusa na uulize: pagumu kama nta? Pamekufa ganzi? Usipasugue, na usipake theluji. Kama bado atarudi kwenye baridi, msipayeyushe, maana pakiyeyuka kisha pakaganda tena madhara yanazidi.

Kuna kundi linaloamua kwenda bila msaada wowote. Hao hawaruhusiwi kuingia ndani wala kupokea hata kikombe cha maji ya moto. Inauma kumwona mtu anayeyusha theluji kwenye jiko lake hatua chache kutoka dirisha lenye mwanga, lakini ndivyo alivyochagua. Ukimpa, umemwondolea alichokifuata.

Kuhusu mavazi yako: vaa kuliko washiriki. Wao wanatembea, wewe umesimama. Sufu ndani, karibu na ngozi, hakuna pamba, na buti lenye nafasi ya soksi nene, kwa sababu buti likibana damu haifiki vidoleni. Usishike chuma kwa mkono mtupu. Simu ikae mfuko wa ndani, na usiitegemee, mtandao porini hakuna.

Waandikie waandaaji mapema, kuanzia Septemba hivi, na uwaambie uko tayari kwa zamu ya usiku, maana hiyo ndiyo inayokosa watu. Ukiweza, chukua kwanza kozi ya huduma ya kwanza ya porini, kwa kawaida ni ya siku mbili. Kama uko Minneapolis au St. Paul nitumie ujumbe. Ni mwendo wa kama saa tano kwenda kaskazini, na kwenye gari langu nafasi ipo.