Jibu: Meya wa kwanza mwanamke nchini Kenya

Shikamoo, bibi. Uliuliza kwa ajili ya mjukuu wako, anayejiandaa kwa mdahalo wa shule hapa Mombasa, iwapo Margaret Kenyatta ndiye mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini. Hapana, yeye aliongoza Nairobi kuanzia 1970, ilhali Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu kwa taaluma, alikuwa ameshika umeya wa Kisumu tangu 1965.

Ningemshauri mjukuu akazie zaidi mwaka 1969. Oktoba ile watu walipigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akazuiliwa. Na katika mji huohuo uliojaa matanga, Desemba, wapiga kura walimchagua Grace Onyango kuwa mbunge wao, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko joho la umeya, kwani kura ile ilikuwa amana ya watu wenye majonzi.

Kwenye baraza la mawaziri wanawake walisubiri zaidi: waziri wa kwanza mwanamke nchini, Nyiva Mwendwa, aliteuliwa 1995 tu.