Mikono chini kwangu, mikono juu kwako

Swali la wiki: Ukiambiwa uchore alama moja tu ya amani mwilini, utachagua ipi na utaiweka wapi?

Mhariri, kuchora watu tatuu ndiyo kazi inayonilisha hapa Tanga, kwa hiyo swali lenu nimelisoma kwa jicho la fundi. Nitachagua ile ya duara, yenye mstari wa wima katikati na miwili inayoshuka mshazari. Wino mweusi mtupu, upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kichwa chake kikielekea kiganjani. Hapo kwenye kichwa kuelekea kiganjani mafundi wenzangu watapiga kelele, maana tumezoea kwamba mtu akisimama mikono imening'inia, mchoro uonekane umesimama sawa kwa anayemtazama. Mimi nataka kinyume, na sababu ninayo.

Alama hii ina mwenyewe. Aliichora Gerald Holtom, msanifu wa Kiingereza aliyekataa kupigana Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya dhamiri yake. Ilikuwa Februari 1958. Mwaka uliotangulia Uingereza ilikuwa imeanza kujaribu bomu lake la haidrojeni, na wanaharakati walikuwa wakiandaa maandamano ya Pasaka kutoka London hadi Aldermaston, kwenye kituo cha kuundia silaha za nyuklia, mwendo wa zaidi ya kilomita 80. Holtom alitaka kitu cha kubeba kwenye mabango. Mwanzoni alifikiria msalaba ndani ya duara, lakini viongozi wa kanisa aliowaendea hawakuupenda. Akageukia ishara za bendera, zile ambazo mtu husimama melini akisema herufi kwa mikono. Ukishusha mikono yote miwili pembeni kwa mshazari, hiyo ni N. Ukinyoosha mmoja juu na mwingine chini, hiyo ni D. Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayodai silaha za nyuklia ziondolewe. Lalisha moja juu ya nyingine, zungushia duara, kazi imekwisha. Haikusajiliwa kuwa mali ya mtu, ndiyo maana leo iko kwenye fulana, hereni na bodaboda bila yeyote kudaiwa senti.

Lakini Holtom alieleza jambo jingine pia, nalo wateja wangu hawalijui. Alisema alijichora yeye mwenyewe: mtu aliyekata tamaa kabisa, mikono imeshuka, viganja wazi, kama yule mkulima wa Goya, mchoraji wa Kihispania, aliye mbele ya wanajeshi wenye bunduki. (Anayeukumbuka mchoro ule wa mauaji ya Mei 3, 1808 atatabasamu, kwa sababu mkulima wa Goya ameinua mikono juu.) Kwa hiyo binti anayekuja kuniambia anataka "ile ya furaha, ya mahipi" anabeba picha ya mtu mwenye huzuni. Simkatalii, lakini namweleza kabla sijawasha mashine.

Baadaye Holtom mwenyewe alitamani alama yake igeuzwe. Ukiigeuza, mikono inapanda juu, na kwenye ishara za bendera hiyo inakuwa U badala ya N, wakati D inabaki ilivyo. U kwake ilisimama kwa neno la Kiingereza "unilateral", yaani taifa kuweka silaha chini lenyewe, bila kumngoja adui aanze. Alitaka hata kaburi lake lichongwe hivyo. Alifariki mwaka 1985, na jiwe likachongwa kwa namna ile ya kawaida.

Sasa rudi kwenye mkono. Nikiuinua mbele ya uso wangu, naona mikono imeshuka: N, kukata tamaa, 1958. Nikimnyooshea mtu mkono tusalimiane, yeye anaona imepanda. Mchoro ni mmoja, na kila upande una yake. Mgongoni au kifuani hili halipatikani.

Nimewahi kuulizwa mbona nisichore njiwa. Njiwa ni mzuri kwenye karatasi. Yule wa mchoraji Picasso wa mwaka 1949, aliyewekwa kwenye bango la mkutano wa amani wa Paris, ana kifua cha manyoya laini ajabu. Ngozi si karatasi. Wino hukaa chini ya ngozi ya juu na kadiri miaka inavyokwenda husambaa kidogo kidogo, na manyoya ya njiwa mdogo hushikana. Baada ya miaka kumi una kuku. Tena kwenye ngozi zetu nyeusi wino mweupe hauna maana, kwani rangi ya ngozi inakaa juu yake.

Hata duara lina masharti yake. Usikubali dogo kuliko kizibo cha soda, maana pale mistari inapokutana katikati hufura na kuwa doa. Mistari iwe minene, nafasi kati yake iwe kubwa. Hesabu miguu kabla ya sindano: chini ni mitatu. Ukisahau wa katikati umemchora mteja Mercedes, na hataipata gari. Mwenye historia ya makovu yanayovimba aachane na mambo haya kabisa, na kijana anayewaza kuomba kazi ya polisi asome kwanza tangazo la ajira, waliojichora hawatakiwi.

Kuna wanaosambaza kwenye simu kwamba huu ni msalaba uliovunjwa wa Nero, yule mtawala wa Roma aliyewatesa Wakristo. Maneno hayo yalipata nguvu Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kwa watu waliowachukia vijana waliopinga vita. Anayekataa tatuu kwa sababu ya dini yake namheshimu, wala sibishani naye. Ila asimsingizie Holtom.

Na tafadhali, msiniletee picha ya alama hii iliyojazwa maua, mbawa na jina la mchumba. Holtom aliiacha tupu, na hata mtu asiyejua kuchora anaweza kuinakili kwenye boksi usiku mmoja kabla ya maandamano.

Msomaji wenu, Tanga