Sienna ya AWD au tairi za baridi kwanza?

Ndugu, umeuliza uanze na Toyota Sienna (gari la familia) ya AWD, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne, au tairi za baridi. Kwa Montreal na watoto watatu Sienna ya AWD ni chaguo zuri kama bajeti inaruhusu, ila hela ya kwanza tenga ya tairi za baridi, zile maalum za msimu wa theluji, maana AWD inakusaidia kuondoka kwenye theluji, kwenye kufunga breki haikusaidii kitu na hapo ndo watu wanaishia mtaroni. Mpira wa tairi za kawaida unakakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, wa tairi za baridi unabaki laini unashika barabara. Angalia ubavuni mwa tairi, lazima kuwe na alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ikiwa imeandikwa M+S (tope na theluji) tu achana nayo. Na Quebec, jimbo la Canada ilipo Montreal, ni sheria kabisa, kuanzia 1 Desemba mpaka 15 Machi ziwe zimefungwa zote nne.

Mimi naendesha huku gari la kuvuta magurudumu ya mbele tu, tairi nzuri za baridi, mjini linatosha. Kama mtakaa kwenye mlima au njia isiyosafishwa mapema hapo AWD ina maana.

Halafu kitu watu wengi hawaambiwi, watoto wavue makoti manene kabla hujawafunga kwenye viti vyao, koti likibonyea kwenye ajali mkanda unakuwa umelegea, we wafunge kwanza ndo uwafunike koti kwa juu.